Vitenzi vikorofi vya Kitaliano: shika maumbo matano, mengine yatakuja yenyewe

Saa nne usiku niliwatumia wageni wangu meseji, mtu na mkewe, watu wazima, tulikuwa tumepanga kesho yake alfajiri twende Marafa kutazama lile korongo kabla jua halijawa kali. Nikaandika kwa madaha yangu yote: Verremmo a prendervi alle sei. Mimi kichwani nimesema tutakuja kuwachukua saa kumi na mbili. Dakika mbili tatu yule mzee akajibu: Verreste, ma...? Yaani mngekuja, lakini...? Nikaikodolea macho ile simu wee, sielewi. Kumbe nimezidisha m moja tu. Verremo ni tutakuja, verremmo ni tungekuja, na mtu akikwambia "tungekuja" lazima umuulize: lakini imekuwaje, gari bovu au?

Na hapo nilikuwa na miaka sita nazungumza Kitaliano kila siku. Mimi nimekiokota Malindi kama wengi wetu, kwa masikio, ufuoni na risepsheni, sijakaa darasani. Kile Kitaliano cha io andare, tu venire, lui mangiare, unakijua, vitenzi vyote unavitupa vilivyo kama vilivyo kwenye kamusi na mkono unamalizia. Kinauza vinyago, kinapeleka watu baharini, sikidharau. Lakini siku unataka kuandika meseji ya kazi, au kufanya mtihani wa CILS wa Siena ama CELI wa Perugia, kinakuacha njiani.

Nilipoamua kukaa kitako na kusoma, kitu cha kwanza kilichonitia kiwewe ni zile jedwali. Kila kitenzi kina nyakati 7 za neno moja na nyakati nyingine 7 za maneno mawili, kila moja ina nafsi 6, hiyo ni 84, na hujagusa amri. Zidisha kwa vitenzi 50 vya kila siku unapata 4,200. Hakuna mtu anayekariri maumbo 4,200, hata Mtaliano mwenyewe hajayakariri. Nilichokuja kugundua baada ya kuhangaika sana ni kwamba hivi vitenzi tunavyoviita vikorofi havina ukorofi wa kila mahali, vina sehemu tano tu vinapokorofika, na ukizishika hizo tano mengine yote yanatoka humo. Ndo hii nataka kukuonyesha.

Kwanza usivione vya ajabu, na sisi tunavyo. Kuja, amri yake si "ja", ni njoo. Kwenda ni nenda. Kuleta ni lete, sio "leta". (Ukimsikia mtu anakwambia "kuja hapa" wajua huyo katoka bara, tumvumilie.) Na kula je, mbona nimekula ina ku- na sijala haina? Hatujawahi kujiuliza kwa sababu tumenyonya nayo. Sasa angalia ni vitenzi gani hivyo: kuja, kwenda, kuleta, kula. Vya kila siku. Na Kitaliano ni vilevile, kuja, kwenda, kufanya, kusema, kutoa, kuwa. Kitenzi kinachopita mdomoni kila dakika hulika kama ngazi ya mlangoni, kile kinachotumika mara moja kwa mwaka hubaki kizima.

Hatua ya kwanza: daftari, kitenzi kimoja mstari mmoja

Chukua daftari, kila kitenzi kipe mstari na uandike maumbo matano, yote ya "mimi" isipokuwa la mwisho. La kwanza ni la sasa, presente. La pili ni la "nilikuwa nikifanya", imperfetto. La tatu la kesho, futuro. La nne la hadithi, passato remoto. La tano ni lile linalofanya kazi kama -me- yetu, participio passato. Hivi:

essere (kuwa): sono, ero, sarò, fui, stato
avere (kuwa na): ho, avevo, avrò, ebbi, avuto
andare (kwenda): vado, andavo, andrò, andai, andato
venire (kuja): vengo, venivo, verrò, venni, venuto
fare (kufanya): faccio, facevo, farò, feci, fatto
dire (kusema): dico, dicevo, dirò, dissi, detto
dare (kupa): do, davo, darò, diedi, dato
stare (kukaa, kuwa katika hali): sto, stavo, starò, stetti, stato
bere (kunywa): bevo, bevevo, berrò, bevvi, bevuto
tenere (kushika): tengo, tenevo, terrò, tenni, tenuto
volere (kutaka): voglio, volevo, vorrò, volli, voluto
sapere (kujua): so, sapevo, saprò, seppi, saputo
mettere (kuweka): metto, mettevo, metterò, misi, messo
uscire (kutoka): esco, uscivo, uscirò, uscii, uscito

Ona mettere imekorofika mahali pawili tu, misi na messo, na uscire mahali pamoja tu, esco, kwengine kote vimetulia kama vitenzi vya kawaida. Vingi viko hivyo. Kama ndo unaanza ile nafasi ya nne iache wazi, utaijaza baadae.

Hatua ya pili: presente, na ule mkazo unaotusumbua

Sisi Waswahili mkazo wetu tunaujua uliko, silabi ya pili kutoka mwisho, hauhami wala haugombani na mtu. Kitaliano mkazo unahama, na ukihama unaburuta irabu. Kwenye presente nafsi nne, yaani io (mimi), tu (wewe), lui (yeye) na loro (wao), mkazo unakaa kwenye shina, na noi (sisi) na voi (nyinyi) mkazo unarukia mwishoni. Sasa ukorofi wote unakaa pale mkazo ulipo. Ndo maana ni ESco, ESci, ESce lakini usciAmo, usCIte, ambazo zimerudi kwenye uscire yao. Ndo maana vado, vai, va, vanno lakini andiamo, andate. Na zile ie na uo zinazojitokeza, vieni, tieni, puoi, vuoi, muore, zinatokea mkazo ukikanyaga hapo tu, ukiondoka zinapotea: veniamo, tenete, potete, volete, moriamo.

Loro ni bure kabisa ukishajua io. Vengo vengono, tengo tengono, esco escono, dico dicono, posso possono, voglio vogliono, rimango rimangono. Ila utamke VENgono, POSsono, EScono, mkazo silabi ya tatu kutoka mwisho. Ulimi wetu unataka kusema venGOno kwa nguvu zote, mimi nilisema hivyo miaka mpaka nikachekwa na mtoto wa miaka saba mbele ya mamake. Dawa ni kuyasema kwa sauti mara ishirini ukiwa unaoga, hakuna nyengine.

Vile vifupi vina sheria yao, chukua lui bandika nno: ha hanno, sa sanno, dà danno, sta stanno, va vanno, fa fanno. N mbili zisikike. Kiswahili hatuna hiyo ya kurefusha konsonanti kwa hivyo tunaona kama mapambo, si mapambo. Ukitaka kuniamini muulize Mtaliano ana miaka mingapi useme ani badala ya anni, utakuwa umemuuliza ana ngapi za kule nyuma anakokalia.

Noi na voi nyingi zinatulia zenyewe, zinazokaidi ni chache ziandike pembeni: facciamo, fate, dite, possiamo, vogliamo, dobbiamo, sappiamo, abbiamo. Na essere ambayo haina baba wala mama: sono, sei, è, siamo, siete, sono.

Hatua ya tatu: congiuntivo, ambayo sisi tumezaliwa nayo

Wazungu wanaojifunza Kitaliano wanaiogopa congiuntivo kama nini sijui. Sisi wala. "Anakuja" na "nataka aje", si umeona a imegeuka e? Hiyo ndo congiuntivo. Viene, voglio che venga. Anakwenda, nataka aende: va, voglio che vada. Wao pia wanageuza irabu, vitenzi vya -are vinakwenda i (parla, che parli), vya -ere na -ire vinakwenda a. Na vikorofi vyote vinakwenda a hata kama mwisho wake ni -are, ndo maana ni vada na faccia, sio "vadi".

Kuipata ni rahisi, chukua io ya presente, o iondoe weka a. Vengo venga, dico dica, faccio faccia, esco esca, tengo tenga, posso possa, voglio voglia, bevo beva, vado vada. Umbo hilohilo moja linatumika kwa io, tu na lui, kwa hivyo usiache kutaja mtu la sivyo hawajui nani unamsema. Loro unaongeza no: vengano, dicano, facciano. Noi ni ileile ya presente, veniamo, usciamo, na voi unachukua hiyo noi ukatoa mo ukaweka te: veniate, usciate, facciate.

Vitano vinakataa, na vinakataa kwa sababu io yake imelika mno hata hakuna cha kushika: sono, ho, so, do, sto. Hivi vinakuwa sia, abbia, sappia, dia, stia. Ongeza na dovere ambayo inapendelea debba. Basi, hakuna vyengine vya kukukosesha usingizi.

Pahala pa kujikwaa ni pamoja. Sisi tukisema "nadhani anakuja" hatugeuzi kitu, ni anakuja ya kawaida. Mtaliano akidhani tu, kashageuza: penso che venga. Credo che sia tardi. Yaani kwao kitu ambacho kiko kichwani mwa mtu, hakijathibitishwa, kinavaa congiuntivo. So che viene, najua anakuja, hiyo ni uhakika, unaacha. Mitaani utawasikia wengi wanasema penso che viene na hakuna anayekamatwa, ila kwenye mtihani na kwenye barua utakamatwa wewe.

Hatua ya nne: amri na adabu

Hapa ndo congiuntivo inalipa chakula. Kumuamuru mtu unayemheshimu, yule wa Lei, unatumia congiuntivo hiyohiyo: venga, dica, faccia, vada, senta. Nilipoanza kazi nilikuwa nawaambia bibi wa miaka themanini vieni, vieni, siediti, nikijiona mchangamfu. Hakuna aliyelalamika, wako likizo. Lakini fikiria kijana amkute nyanyako barazani, shikamoo hakuna, anamwambia tu "we njoo kaa hapa". Venga signora, si accomodi. Tofauti unaiona usoni.

Kwa rafiki, tu, vifupi vinakatwa zaidi: va', da', fa', sta', di'. Ukivibandika kiwakilishi vinarefusha konsonanti: dammi nipe, dimmi niambie, fammi vedere hebu nione. Vitatu vina amri za ajabu, sii kutoka essere, abbi kutoka avere, sappi kutoka sapere. Abbi pazienza, kuwa na subira, utaisikia sana hasa ukiwa mteja. Na kukataza je? Non na kitenzi kizima kizima: non venire, non dire, non fare così. Yaani kile Kitaliano cha ufuoni cha vitenzi vya kamusi hatimaye kimepata mahali kiko sawa asilimia mia.

Hatua ya tano: futuro na condizionale, mapacha

Umbo la tatu la daftari linakupa vyote viwili. Verrò, toa ò, baki na verr-. Bandika ò, ai, à, emo, ete, anno, umepata -ta- yetu. Bandika ei, esti, ebbe, emmo, este, ebbero, umepata -nge- yetu. Hakuna kitenzi hata kimoja kinachobadilisha shina baina ya hizi mbili, kwa hivyo ukijua vorrei (na nani wa hoteli hajui vorrei un caffè) wajua na vorrò.

Mashina yenyewe yana makundi. Kuna yanayomeza irabu: andrò, avrò, dovrò, potrò, saprò, vedrò, vivrò, cadrò. Kuna yanayokunja r mbili: verrò, vorrò, terrò, rimarrò, berrò. Kuna vifupi ambavyo vimeng'ang'ania a yao: farò, darò, starò, ilhali kina parlare wote wanaigeuza e, parlerò. Na sarò peke yake.

Asili ya mambo haya inasaidia kukumbuka. Zamani watu walikuwa wanasema kitenzi kizima halafu "nina" nyuma yake, kama vile "kuimba ninako", na miaka ikapita vikagandana. Ile ò ya mwisho ni ho ya avere, anno ni hanno. Na condizionale ilijengwa hivyohivyo kwa avere ya zamani, ebbi, ndo maana ile sarebbe, verrebbe ina ebbe kamili mkiani. Sisi tunaweka mbele wao wameweka nyuma, lakini gundi ni ileile.

Sasa m. Verremo, andremo, saremo, m moja, tuta-. Verremmo, andremmo, saremmo, m mbili, tunge-. Kwenye simu unaweza kuandika vibaya, kwa mdomo ni kuikalia ile m kidogo midomo imefungwa, ukihesabu moja, halafu ndo unafungua. Mimi siku hizi kila nikiandika meseji ya kuchukua wageni naisoma mara mbili.

Hatua ya sita: imperfetto, pale vitenzi vilivyojificha vinajitoa

Hii ndo hatua ninayoipenda kuliko zote. Mtu anakwambia imperfetto ni rahisi, vo vi va vamo vate vano, halafu unakutana na facevo, dicevo, bevevo, ponevo, traducevo na unajiuliza ce na ve zimetoka wapi. Zimetoka kwa babu. Kwa Kilatini fare ilikuwa facere, dire ilikuwa dicere, bere ilikuwa bibere, porre ilikuwa ponere, tradurre ilikuwa traducere. Neno lenyewe limekatwa kwa matumizi lakini mzizi wa kale umebaki umefukiwa, na imperfetto ndo unapochomoza. Ukiwa na ule mzizi, fac-, dic-, bev-, pon-, traduc-, haya yote ni yako: gerundio facendo, dicendo, bevendo (sto bevendo, nakunywa sasa hivi), na congiuntivo imperfetto facessi, dicessi, bevessi, ponessi, traducessi, unatoa vo unaweka ssi. Vyenye utulivu pia, venivo venissi, avevo avessi, potevo potessi.

Vinavyokataa ni vitatu tu dunia nzima: essere fossi, dare dessi, stare stessi. Vikumbuke hivi vitatu, tutavikuta tena.

Hii congiuntivo imperfetto kazi yake kubwa ni baada ya se, yaani "kama". Sasa sikiliza hapa manake hapa ndo sote tunaanguka. Kiswahili tunasema ningekuwa na hela ningenunua, -nge- huku -nge- huku, mizani imekaa sawa. Kwa hivyo ukienda Kitaliano unapeleka condizionale pande zote, se avrei i soldi comprerei. Hapana. Upande wa se ni congiuntivo, upande wa pili ndo condizionale: se avessi i soldi, comprerei. Mimi nimejiwekea kanuni ya kijinga lakini inafanya kazi, nikitamka se ulimi unajua unafuatia ssi, se fossi, se avessi, se potessi, se sapessi, s huita s. Usijisikie vibaya sana ukikosea, hata Wataliano wenyewe hilo wanalikosea na wanachekana.

Na matumizi ya imperfetto kwa kifupi: nilikuwa nikienda, nilikuwa naenda, nilizoea kwenda, yote ni andavo. Hapo zamani za kale ni c'era una volta, hiyo era ndo imperfetto ya essere, ero, eri, era, eravamo, eravate, erano.

Hatua ya saba: passato remoto, ukitaka

Kama unataka Kitaliano cha kuongea na wageni tu, hii unaweza kuiruka, wanaotoka kaskazini kama Milano hawaitumii hata wao wakizungumza, wanasema kila kitu kwa ho fatto, sono andato. Wa kusini kama Sicilia wanaitumia zaidi. Lakini ukifungua kitabu cha hadithi au historia imejaa tele, na ukiwa mwongozaji wa watalii utaihitaji kueleza mambo ya kale.

Siri yake ni kwamba nusu tu ndo mbovu. Io, lui na loro zinachukua shina korofi, tu, noi na voi zinarudi kwenye ule mzizi wa imperfetto. Tazama:

venni, venisti, venne, venimmo, veniste, vennero
feci, facesti, fece, facemmo, faceste, fecero
presi, prendesti, prese, prendemmo, prendeste, presero

Kwa hivyo unajifunza neno moja, feci, na fece na fecero zinafuata kwa kubadilisha mwisho, i, e, ero. Zile zilizobaki tayari unazo. Dissi disse dissero, ebbi ebbe ebbero, misi mise misero, scrissi, lessi, chiesi, risposi, vidi, seppi, volli, caddi, nacqui, conobbi, ruppi, zote mwendo mmoja. Na wanaokataa? Walewale watatu: fosti, desti, stesti, na noi zao fummo, demmo, stemmo. Essere inamaliza fui, fosti, fu, fummo, foste, furono.

Sentensi yangu ya mazoezi ni hii, naisema pale kwenye mnara wa Vasco da Gama: Nel 1498 Vasco da Gama giunse a Malindi, chiese aiuto al re, il re gli diede un pilota e le navi presero la via dell'India. Alifika, akaomba, akampa, zikashika njia. Vitenzi vinne, vyote vikorofi, vyote vya nafsi ya tatu, na ona -ka- yetu inavyokaa hapo vizuri, manake hii passato remoto na -ka- ya hadithi ni majirani.

Hatua ya nane: participio, ufunguo mmoja milango saba

Umbo la tano ukiwa nalo nyakati zote za maneno mawili zimekwisha, manake kinachobadilika ni kile kitenzi kisaidizi mbele tu. Ho fatto nimefanya, avevo fatto nilikuwa nimefanya, avrò fatto nitakuwa nimefanya, avrei fatto ningalifanya, che io abbia fatto, se avessi fatto, na ebbi fatto ambayo utaiona vitabuni tu. Fatto haijatikisika.

Nyingi unazijua tayari hujui kama unazijua. Mlangoni pa duka pameandikwa aperto au chiuso, hizo ni participio za aprire na chiudere. Menyu ina fritto misto, fritto ni ya friggere, na prosciutto cotto, cotto ni ya cuocere, imepikwa. Hata espresso unayoipeleka mezani ni participio ya esprimere, iliyokamuliwa. Mengine yapange kwa sauti zake ukikariri: detto, fatto, letto, scritto, rotto, tradotto. Halafu preso, messo, chiuso, speso, perso, corso. Halafu chiesto, rimasto, risposto, visto, posto. Halafu aperto, offerto, morto.

Kisaidizi ni avere au essere. Vitenzi vya kwenda, kuja, kufika, kubaki, kuzaliwa, kufa, kuwa, na vyote vya kujitendea, vyenye lile neno lao "si", vinachukua essere, na hapo participio inafuata mtenda kama sisi tunavyofuata ngeli: lui è venuto, lei è venuta, loro sono venuti, na wakiwa wanawake watupu sono venute. Mtu aliyezoea kiti kimevunjika na meza imevunjika hawezi kushindwa na herufi nne.

Hatua ya tisa: watoto wa kitenzi

Fupi hii. Ukikutana na kitenzi kirefu kikali usikiandikie mstari mpya, tafuta baba yake ndani. Mantenere, ottenere, contenere wote ni tenere: mantengo, otterrò, contenne. Proporre, comporre, disporre ni porre. Promettere na permettere ni mettere, promisi, permesso. Comprendere na sorprendere ni prendere. Produrre, ridurre, condurre wanatembea na tradurre. Daftari langu lina mistari arubaini na kitu na sijahisi upungufu bado.

Namna ya kufanya mazoezi

Kitenzi kimoja kwa siku, sio vitano. Asubuhi andika maumbo matano kwa kichwa bila kutazama, mchana tunga sentensi moja moja kwa mdomo, ukitumia mambo yako ya kweli, jioni chukua nafsi moja ya ajabu, tuseme voi, uizungushe nyakati zote. Programu za simu zinasaidia kidogo lakini nyingi zinakupa kuchagua jibu, na kuchagua si kusema.

Jipime sasa na rimanere, kubaki. Nakupa matano: rimango, rimanevo, rimarrò, rimasi, rimasto. Funika majibu kwa mkono utoe haya: wao wanabaki, nataka ubaki, baki mzee wangu, kwa heshima, tungebaki, kama ningebaki, wewe ulibaki, ya hadithi, wao walibaki, ya hadithi, na la mwisho, ningalijua ningalibaki.

Majibu: rimangono, mkazo kwenye man. Voglio che tu rimanga. Rimanga. Rimarremmo, m mbili. Se rimanessi. Rimanesti. Rimasero. Se avessi saputo sarei rimasto, na kama wewe ni mwanamke, rimasta.